Kitambaa cha Simu

Fundi alipomaliza kuziunganisha simu za kampuni na kompyuta, Bwana Mashauri alitanua kifua kana kwamba amezivumbua yeye.

“Bi Asumini, sasa hata nikiwa ng’ambo nitaiona kila simu. Ikiwa nzima, taa ya kijani, ikiharibika, nyekundu. Kazi yako imekwisha. Uache ufunguo.”

“Na mteja akipiga, Bwana?”

“Nimekwambia nitaiona.”

Bi Asumini, aliyezeekea kwenye meza ile akiwaitikia wateja, alimtazama kama mtu atazamavyo jogoo aliyepanda jaani akadhani ni mlima. Bwana Mashauri akaingia garini, akashika njia ya uwanja wa ndege.

Bibi akauweka ufunguo mezani. Akakitoa juu ya simu kitambaa alichokifuma kwa mkono wake, akaanza kukikunja. Simu ikalia. Kwenye kompyuta, taa ya kijani iliwaka vizuri.

“Bibi, huipokei?” fundi akauliza.

“Ya nini, mwanangu? Tajiri wako amenunua kuiona, kuiitikia hakukununua.”

Akakunja pembe ya mwisho, taratibu. Simu ilibaki uchi, ikilia, na kwenye kioo chake kidogo lilisomeka jina la Bwana Mashauri.