Tangi Limepita

Tangu vijidudu vinavyokula dizeli vienee, hakuna anayeshuka bandarini Mkoani kabla tangi lake halijapimwa. Mwanakombo na mumewe Makame walizuiwa siku tisa ndani ya mashua yao ya matanga na injini, na huku binti yao Riziki amejifungua mjini. Wakamimina dizeli yote kwenye madumu, wakatoa maji yaliyotuama chini ya tangi, wakasugua utelezi mweusi wa vijidudu kwa mikono.

Siku ya kumi mkaguzi aliinua chupa ya dizeli juani. “Safi, mama. Shukeni.”

Mwanakombo alilia kwa furaha njia nzima.

Riziki aliwapokea mlangoni, mtoto kifuani. “Umenawa, mama?”

“Mara tatu, mwanangu.”

Riziki akamweka mtoto mikononi mwa mama yake.