Ukurasa Kabla ya Sura ya Tano

"Hapa umeacha nafasi ya nini?" mjane aliuliza, akiweka kidole juu ya ukurasa mweupe pe.

Fundi wa kiwanda cha uchapaji alivua miwani. Kitabu kilikuwa kumbukumbu za marehemu mumewe, alizoziandika kwa mkono akiugua. Hii ilikuwa nakala ya kukagua kabla mashine hazijawashwa.

"Kila sura huanza ukurasa wa kulia, mama. Iliyotangulia ikiishia kulia vilevile, wa kushoto hubaki mtupu."

"Nani alikuambia kuna kitu hapa?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimepanga ulichoniletea tu."

Kifungua mimba wa mjane, mtu mzima na ndevu zake, alisogea mezani. Tangu mazishi alikuwa akiomba asome walau mistari miwili, na mama akimwambia asubiri kitabu.

"Fundi, usituzungushe. Baba hakuweka namba kwenye karatasi zake. Kama umepoteza moja, sema! Nataka kila neno la baba yangu. La sivyo kazi naipeleka kwingine, na mji mzima utakujua."

"Haki ya Mungu, kaka, sijapoteza hata nukta."

Mjane alimkazia macho fundi, akimchunguza uso kutoka paji hadi kidevu. Jasho lilikuwa likimtoka maskini wa watu, lakini macho hayakukwepa. Mjane akashusha pumzi.

"Basi andika hapo: ukurasa huu umeachwa wazi makusudi. Watu wasije wakaulizauliza."

Fundi alijizuia kucheka. "Tukiandika kwamba ni mtupu, mama, hautakuwa mtupu tena."

"We andika tu."

Akaandika. Mwana alisoma, akaridhika, hata akamwomba fundi radhi na kumpa mkono. Kisha akarudi zake kazini, moyo mweupe.

Mjane alipofika nyumbani alijifungia jikoni, akatoa kifuani karatasi ya mwisho ya sura ya nne, akawasha kiberiti. Mwandiko wa mumewe ulisomeka mpaka moto ulipoufikia:

"Kifungua mimba wetu si damu yangu. Nilijua tangu siku alipozaliwa, nikanyamaza. Akifika hapa, ajue kwamba katika wanangu wote, yeye ndiye niliyempenda zaidi."