Doti Isiyokatwa

Tangu Mapinduzi, hakuna aliyeruhusiwa kumiliki vitu viwili vya aina moja. Cha pili kilikuwa mali ya umma, na jicho la mtambo lililowekwa mlangoni mwa kila nyumba lilihesabu bila kupepesa. Mashavu alishatoa sufuria, mto, hata saa ya marehemu mumewe.

Siku alipoianika doti ya kanga aliyoachiwa na mama yake, mkaguzi akaja na mkasi.

“Ndugu, doti ni kanga mbili. Moja ni ya umma.”

“Mbili ziko wapi, mwanangu? Hii haijakatwa. Nguo ni moja.”

Mkaguzi akaielekeza kwenye jicho. Jicho likasoma: moja.

“Basi ivae hivyo hivyo, tuone.”

Asubuhi yake Mashavu akajifunga upande mmoja, wifi yake Zuwena akajifunga wa pili, wakashika njia ya sokoni bega kwa bega. Kufika Ijumaa, sindano zilikuwa zimetoka mtaa mzima, wanawake wakiziunga pamoja kanga moja moja walizobakishiwa.

Jumatatu mkaguzi alisimama katikati ya njia, mkasi mkononi, akiitazama nguo moja ndefu ikimjia, imejaa wanawake.