Ngumi ya Profesa

Bi Tunu alivuta kamba, kitambaa kikaanguka, watu wakapiga makofi. Marehemu mumewe, Profesa Shekue, aliyegundua dawa ya homa iliyokuwa ikimaliza watoto wa mji ule, alikuwa amesimama pale, sanamu ya shaba, mkono wa kulia juu, na ndani ya ngumi yake chupa ndogo ya maabara.

"Mkono ule haukuwa na kitu," Bi Tunu alisema.

Mwenyekiti wa kamati akainama. "Unasemaje, mama?"

"Picha mliyoitumia kumchonga alipigwa kwenye geti la kiwanda, siku ya mgomo. Alikuwa akisema kiwanda ni mali ya wanaofanya kazi ndani yake. Walimfunga kwa maneno hayo."

"Tunajua, mama," mwenyekiti alisema kwa upole. "Lakini hayo yamepita, na kiwanda ndicho kilichotoa shaba. Acha watoto wamjue kwa dawa."

Bi Tunu aliitikia kwa kichwa. Hakusikia hasira wala huzuni. Aliona tu jinsi vidole vilivyoibana ile chupa. Ingekuwa ya kioo, ingepasuka.

Mpiga picha akamwomba asimame chini ya sanamu, ainue mkono kama mzee. Akainua. Vidole vikajikunja vyenyewe.

"Fungua kiganja, mama. Punga kidogo."

Wageni wakaanza kwenda kwenye chakula. Mwenyekiti akakohoa. Mkono wa Bi Tunu ulikuwa umeshakufa ganzi, na ulikuwa bado juu, ngumi imekunjwa.