Matanga ya Samaki wa Buluu

Siku hizi matanga huanuliwa samaki akifa, na mjane hatoki nje hadi hapo. Mume wangu Makame alipofariki, nilipelekwa dukani kuchagua samaki wangu. Sikuwa na akili ya kuchagua kitu. Muuzaji akanionyesha samaki mdogo wa buluu, akasema, "Huyu hasumbui, mama. Anamfaa anayeanza." Nikaona nimeonewa huruma.

Jirani yangu Bi Riziki alichukua samaki dhaifu. Alianua matanga kabla ya masika, na sasa ana mume mwingine. Mimi sijavuka kizingiti tangu binti yangu alipokuwa ananyonya. Sasa anasoma shule, na hajawahi kuniona nikitembea barabarani.

"Acha kumbadilishia maji," wifi yangu Mwanakheri aliniambia jana, akitazama pembeni. "Hakuna atakayeuliza."

Nikamwambia sawa.

Asubuhi hii nilimkuta samaki amelalia ubavu juu ya maji, mdomo ukifunguka polepole. Nikaketi mbele ya tangi nikamtazama. Nilipozinduka, mikono yangu ilikuwa imelowa hadi viwikoni, ndoo ya maji mapya ya chumvi ilikuwa tupu, na samaki alikuwa anaogelea.