Msiba wa Mzee Komba

Mzee Komba alipofariki, wanyama walimiminika msibani, maana hakuna aliyekunywa tembo la mnazi kwa furaha kama yeye. Bintiye mkubwa, mtunza habari za ukoo, alihofia baba yake asije akakumbukwa kwa ulevi tu. Basi akasimama, akamsifu marehemu kuwa alikuwa mpole, mwenye haya na mpenda utulivu. Waombolezaji wakatazamana.

“Samahani, dada,” akauliza Ngedere, mtani wa ukoo. “Tumekosea msiba?”

“Kaa chini, usiniharibie!”

Ngedere hakukaa. Alipanda mnazi, akajibwaga chini huku akigumia. “Hivi ndivyo baba yenu alivyoshuka na kibuyu chake!”

Binti Komba aliweza kuvumilia yote isipokuwa kosa katika habari za ukoo. “Mwongo wewe! Baba hakugumia. Alianguka akiimba, na ubeti akaumalizia chini!”

“Ubeti gani?”

Akauimba. Kisha akaonyesha baba alivyoucheza chali, miguu juu, kwa kuwa kusimama kulimshinda. Msiba mzima ukaangua kicheko, na ndani ya kicheko hicho yakatoka machozi ambayo zile sifa hazikuyatoa.

Ngedere akajipangusa vumbi. “Huyo ndiye. Sasa twendeni tukamzike.”