Mnunuzi Kutoka Hanang

Mnunuzi wa tatu aliondoka Markham, nje kidogo ya Toronto, bila kisu, noti zake zikiwa bado mkononi.

“Viganja vyake vina jasho,” Methodius alimweleza binti yake, Gift. “Chuma kitaota kutu.”

Wa kwanza alikataliwa kwa kuuliza kama kisu kinafaa kufungulia maboksi. Wa pili alijua mambo ya visu kuliko mwenye visu, na hilo Methodius hakulipenda hata kidogo. Wala hakuna aliyemlazimisha kuuza. Kabati lake la vioo lilijaa visu vya zamani, ila hiki ndicho alichokiringia: cha kukunja, mpini wa pembe, kimetengenezwa Sheffield, Uingereza, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, urithi wa baba yake aliyekuwa karani wa reli Tabora. Mwezi wa sita tu akazuka na habari ya kukiuza, akamtuma Gift apige picha na kuweka tangazo mtandaoni.

Gift alikuwa na shida kubwa kuliko kisu. Harusi yake ilikuwa Septemba, na baba yake alikuwa ameapa, tena mbele ya Watanzania wenzake kwenye nyama choma ya Pasaka, kwamba Mkenya hatavuka kizingiti chake akijiita mkwe. Kosa la Wakenya lilikuwa moja: wanasema “nipe chai” badala ya “naomba chai.” Mchumba mwenyewe, Kipchirchir, nesi mpole kupindukia, Methodius alimjua kwa jina tu, hakuwahi hata kumwona. Gift angeweza kufunga ndoa bila ruhusa. Kanada nani atamzuia? Lakini kuingia kanisani bila baba yake kumshika mkono, hapana. Hilo lilimliza kila alipoliwaza.

Kisu kikampa wazo. Baba akishampenda mnunuzi, kumchukia mkwe kutamshinda.

“Utaitwa Crispus,” alimwambia Kipchirchir ndani ya gari. “Mtanzania, Mbarbaig wa Hanang. Wabarbaig ni warefu; urefu huo hatauulizia. Toa shikamoo, vua viatu, na ukitaka kitu, omba.”

“Na akijua?”

“Usiongee sana.”

Jumamosi Kipchirchir akaja peke yake. Akatoa shikamoo, akavua viatu, akaomba maji kwa adabu ambayo hata Tanga siku hizi ni ya kutafuta. Methodius akamketisha mbele ya kisu.

“Nyumba yako ina unyevu?”

“Hapana, mzee. Ni ghorofa ya tisa, pale Toronto mjini.”

“Ni yako?”

“Bado nailipia.”

“Kisu hiki kinataka mafuta kila mwezi. Wewe unachoka upesi?”

“Sichoki, mzee.”

“Kikikukata?”

“Nitafunga kidonda. Sitakitupa.”

Methodius aliitikia kwa kichwa. Gift alikuwa amesimama mlangoni. Jikoni mama yake, Dorotea, alikuwa akipakua pilau kwenye sahani nne.

“Hanang sehemu gani?”

“Katesh, mzee.”

“Katesh,” Methodius alirudia. “Nimefundisha Katesh miaka saba.”

Kipchirchir akanywa maji yote yaliyobaki. Methodius hakuuliza tena habari za Katesh.

“Samahani, mzee, naomba kujua bei.”

Methodius alichukua kitambaa laini akakipangusa kisu, ubavu huu, kisha ule, polepole. Alikifungua akautazama ubapa, akakifunga. Macho yake yalikuwa yamelowa, na hakuyaficha. Gift akaona aibu. Alikuwa anamnyang’anya baba yake kitu anachokipenda, tena kwa uongo.

“Baba, subiri kwanza,” alisema. “Kuna jambo inabidi nikwambie.”

“Gift, naongea na mgeni.”

“Baba, huyu siyo—”

“Kaa.”

Gift akakaa. Methodius akakitia kisu kwenye ala yake ya ngozi, akasimama, akamkabidhi kijana kwa mikono miwili.

“Haya, shika, Kipchirchir,” alisema. “Niliapa juu ya mkwe, mnunuzi sikumkataza. Ungechelewa kidogo tu, ningekosa sababu za kuwafukuza wengine.”